Niliandika "Usiguse" dukani, nikajuta

Kile kikaratasi nilikiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: TAFADHALI USIGUSE. Nikakibandika mbele ya rafu ya vitambaa vyeupe, nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama, nikaridhika. Haki yangu nilikuwa nayo. Siku moja kabla alikuja mteja aliyekuwa ametoka kula viazi karai, akalishika jora la pamba nyeupe nililoagiza kwa ajili ya kanzu za Idi, akaniachia vidole vitano vya mafuta na ukwaju. Akasema anakwenda benki na atarudi. Mpaka leo yuko benki. Mita nzima niliikata, ikawa ya kufutia vioo.

Duka langu ni dogo, liko kwenye kichochoro kinachotokea Biashara Street, hapa kisiwani Mombasa. Nauza leso, vikoi, vitambaa vya buibui na vya kanzu. Babangu aliniachia duka hili pamoja na kipimo chake cha mbao cha mita moja na madeni ambayo sitayasema hapa.

Siku ya tatu ya kile kikaratasi akaingia Ami. Si ami yangu wa damu, ila mtaa mzima tunamwita hivyo. Alikuwa fundi wa kanzu Kibokoni miaka mingi, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru. Kila Ijumaa baada ya sala hupitia kwangu, hushika mzigo mpya, huzungumza mawili matatu, kisha huenda zake. Siku hiyo mkono wake ulipofika kwenye jora jeupe, kijana wangu wa dukani akamwambia kwa adabu, "Ami, hapo hapaguswi, kumeandikwa."

"Kumeandikwa wapi, mwanangu?"

Kijana akanyamaza. Mimi niliyekuwa nyuma ya kaunta nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Na si aibu tu. Wiki hiyo wateja walikuwa wakiingia, wanakisoma kikaratasi, wanafunga mikono nyuma kama walioingia ofisi ya mkuu wa shule, wanatazama kidogo, wanaaga. Nilipochungulia nje niliwaona kwa jirani, mikono yao imezama kwenye vitambaa mpaka viwikoni. Jumamosi nilikibandua.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama mikono kuliko nyuso. Mteja anaweza kuwa anakuuliza habari za nyumbani huku mkono wake wa kushoto umeshafika kwenye shifoni kabla hata yeye hajajua anataka nini. Wako wanaogusa kila wanachokipita, kama wanahesabu. Wako wanaotumia mgongo wa vidole tu. Mama mmoja mtu mzima, kila akishika kikoi hufumba macho, na nimejifunza kutomsemesha mpaka ayafumbue.

Na si mambo ya nguo peke yake. Simama sokoni Kongowea karibu na magunia ya mchele uone ni wangapi wanaoweza kupita bila kutumbukiza mkono na kuuacha mchele umwagike katikati ya vidole, hata wale waliokuja kununua kitunguu. Nenda Moi Avenue chini ya zile Pembe kubwa zinazovuka barabara. Macho yanamwambia mgeni kwamba ni pembe za ndovu, lakini hatosheki mpaka azigonge, zilie bati, maana ni alumini, ndipo acheke na kupiga picha yake. Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, watoto wa shule wakifika kwenye mizinga hakuna mwalimu wa kuwazuia. Walimu wenyewe hungoja watoto wapite mbele, kisha nao wakaweka kiganja juu ya kile chuma. Na kama huamini kwamba hamu hii haina umri, paka lango lako rangi, andika "Rangi mbichi", halafu jioni uhesabu alama za vidole.

Zamani nilidhani ni utoto unaotubaki. Siku hizi nasema ni swali. Macho yakishamaliza kazi yao mkono huwa bado haujajibiwa, na kila swali la mkono lina namna yake ya kuulizwa. Mwaka 1987 watafiti wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, walichapisha kazi yao kuhusu watu waliofunikwa macho wakapewa vitu wavitambue kwa mikono. Waliona kwamba mikono haitangitangi ovyo. Mtu akitaka kujua kama kitu ni laini au kinakwaruza, husugua huku na huko. Akitaka kujua ugumu, hubonyeza. Akitaka kujua ubaridi, hutuliza kiganja. Uzito, hukiinua, umbo, hukifumbata au akafuata kingo zake kwa kidole. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu Kiswahili kilishavipa majina vitendo hivi zamani. Tunapapasa, tunabonyeza, tunatomasa, tunafinya, tunafumbata. Muuza maembe akikwambia "usitomase" hana maana ya "usiguse", na mnunuzi aliyelelewa hapa anaijua tofauti.

Basi ushauri wangu mkubwa kwa anayenunua chochote ni huu: mkono ukitaka kwenda, uulize kwanza unatafuta nini. Wengi wanaonijia wakilalamika kwamba waliuziwa kitambaa kibaya mahali fulani, wao wenyewe walikishika. Tatizo walikipapasa tu. Na kupapasa hujibu swali moja, la ulaini, ambalo ndilo rahisi kuliko yote kudanganya. Ulaini hutiwa kiwandani, na uzito hutiwa kwa wanga.

Chukua leso. Leso mpya ikiwa bado kwenye doti yake, haijakatwa wala kupindwa, huwa na ule ukakamavu unaomfanya mtu aseme "hii nzito". Pengine ni nzito kweli, pengine ni wanga. Ishike ncha, uisugue yenyewe kwa yenyewe katikati ya ngumi mbili, kama unayetoa doa, kwa muda wa kusoma Fatiha moja bila haraka. Mimi hufanyia juu ya mkono wa buibui langu jeusi: unga mweupe ukidondoka, umeshajua. Halafu pale ulipopasugua painue kwenye mwanga. Kama pamekuwa chujio na pembeni bado ni ukuta, leso yako ikifuliwa mara mbili itakuwa chujio yote. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakunyima ncha ya kusugua. Akikunyima, muage kwa heshima.

Bibi yangu alikuwa hasomi jina la leso mpaka amalize kuishika, na alikuwa akipenda ile yenye chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Sisi tumegeuza mambo. Tunaanza na jina, kwa sababu jina ndilo litakalomchoma jirani, kisha tunatazama mji na pindo, na nguo yenyewe tunaikumbuka ikishararuka kiunoni. Sisemi jina si kitu, nazipenda leso kwa majina yake kama wanawake wote wa pwani. Nasema shika kwanza, soma baadaye.

Kwa pamba iliyochanganywa, fumbata. Kijaze kiganja chako kitambaa, kaza, hesabu kumi, achia. Pamba itabaki na makunyanzi kama uso wa aliyeamshwa usingizini. Poliesta itajifungua taratibu na kurudi ilivyokuwa, haina kinyongo. Na ukitaka hakika zaidi omba uzi mmoja, utoke nao nje, uuchome. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, wa poliesta huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Nimesema nje. Yupo mtu aliwahi kuwasha kiberiti katikati ya duka langu, karibu na shifoni, na mpaka leo nikimkumbuka moyo hunienda mbio.

Buibui lina mtihani wake mwingine, kwa sababu ya joto letu na unyevu. Usitumie vidole. Vidole vya mtu anayeosha vyombo, anayekuna nazi na kufua kwa mkono vimekomaa, havisemi kweli. Tumia upande wa ndani wa kifundo cha mkono, au shingo, pale pale kitambaa kitakapokaa mchana kutwa. Na usisugue: kitulize hapo, zungumza na muuzaji habari za kupanda kwa bei, mpaka dakika moja ipite. Karibu kila kitambaa huwa baridi kikigusa ngozi mara ya kwanza, na huo ubaridi ndio unaowauza watu. Unachotaka kujua ni kama ngozi imeanza kutoa jasho chini yake. Hilo halijibiwi na mguso wa sekunde mbili.

Sokoni sitakaa sana, wengi mnajua kuliko mimi. Samaki bonyeza mgongoni kwa kidole kimoja: nyama ikirudi juu ni mpya, shimo likibaki mwache alipo hata kama macho yake bado yanang'aa. Nazi iinue, itikise usikilize maji yake, na baina ya mbili zilizo sawa chukua ile nzito. Maembe ndiyo yenye ugomvi. Watu huyatomasa tumboni kwa kidole gumba, na kila ulipotomasa jioni patakuwa na doa jeusi, na atakayelila embe hilo si wewe. Kama ni lazima, bonyeza karibu na kikonyo kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha, tena embe moja. Mimi hata hilo nimeacha. Namwambia muuzaji, "Dada, nichagulie la kula leo na la kula kesho kutwa." Yeye amekwisha kuyashika yote tangu alfajiri wakati wa kuyapanga, mkono wake una majibu tayari, na sijawahi kurudi nyumbani na ngowe chungu kwa kumwamini.

Jikoni nako mkono ndio kipimo. Mahamri nilifundishwa kwa sikio: unga ukishakandwa kwa tui, ushike, kisha ushike ncha ya sikio lako pale panapotogwa herini. Vikilingana, funika uumuke. Nimejaribu vipimo vya vikombe na gramu kutoka kwenye simu, lakini unga wa leo si wa jana, na msimu wa mvua unga hunywa tui kidogo kuliko kaskazi. Sikio halijawahi kunitupa. (Osha mikono tu kabla ya kulishika, hasa kama ulikuwa umekata pilipili mbuzi. Nayo pilipili ni udanganyifu wa aina yake: haina moto hata kidogo, ila ngozi husoma moto. Kwa kuichunguza pilipili, David Julius alikipata kipokezi cha joto katika mishipa ya fahamu, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ambaye naye alivipata vipokezi vya mguso. Sisi tulikwisha kusema pilipili "inawasha", neno lile lile la moto. Ikikushika mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uje na sabuni.)

Sasa niwaambie siri, na majirani zangu wa Biashara Street wanisamehe.

Umewahi kuona muuzaji wa nguo hakuwekei kitambaa kwenye kaunta, bali anakutupia begani? Anakwambia, "Kishike, kipeleke nje ukione kwa jua, wala hakuna pesa." Si ukarimu huo. Tunajua tangu enzi za baba zetu kwamba kitu kikishakaa mikononi mwa mtu, kukirudisha ni kazi. Mwaka 2009 Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha jambo hilo hilo kwa majaribio: mtu akikigusa kitu tu, huanza kukihisi kama ni chake, na hukipa thamani kubwa kuliko asiyekigusa. Nimeyaona haya mara nyingi mno. Mteja aliyekuwa akinipigania shilingi mia, nikishamvisha mtandio mabegani akajitazama kwenye kioo akiupapasa pindo, sauti ya kubembeleza bei hupungua yenyewe. Bado anapigania, lakini anapigania kama anayetetea mali yake isichukuliwe.

Kwa hiyo dawa ni hii. Shika utakavyo, sugua, fumbata, tia shingoni. Ukishapata jibu lako, kiweke chini. Kisha, mikono ikiwa mitupu au imeshika mkoba wako mwenyewe, ndipo uulize bei. Kama kitu ni cha pesa nyingi, toka kabisa, kanywe kikombe cha kahawa chungu kwa muuza kahawa, urudi. Nusu ya wanaotoka hivyo hawarudi, najua kwa sababu mimi ndiye ninayebaki nikiwangoja. Naandika haya nikijua najikatia riziki.

Na wewe mwenye duka, usiige ujinga wangu. Ukimzuia mteja kugusa umemzuia kununua. Vitambaa vyangu vyeupe sasa nimevikatia vipande, kila jora sentimita ishirini, nimevitunga kwenye uzi pale pale mbele ya rafu. Watu wanavitesa watakavyo, vikichakaa nakata vingine. Mlangoni nina ndoo ya maji yenye bomba, sabuni na taulo dogo, mambo yaliyobaki tangu mwaka 2020, na hakuna mteja aliyewahi kuchukia kuoshwa mikono.

Huo mwaka 2020 ulinipa somo lingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na mwezi Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nikageuka muuzaji wa kwenye simu. Napiga picha, natuma WhatsApp, napokea M-Pesa, namtuma kijana wa bodaboda mpaka kizuizini. Mteja wangu mmoja wa Bamburi alipopokea mzigo wake wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti ambao siusahau: "Dada, picha yasema hariri, mkono wasema gunia." Nilimrudishia pesa zake zote. Sikuwa nimemdanganya, nilimpa alichokiona. Hakupata nafasi ya kuuliza alichotaka kujua, ndiyo hivyo tu.

Tangu hapo mimi na yeye tulibuni njia zetu, na nawapa kama zilivyo kwa yeyote anayenunua kitu asichoweza kukishika. Usiulize "ni laini?" kwa maana kila muuzaji atajibu ndiyo. Muulize afananishe na kitu ambacho nyote wawili mmekishika: kizito kama leso mpya, au kama leso iliyofuliwa mwaka mzima? Kinateleza kama bitana, au kinakamata kidole? Omba video, si picha, na kwenye video mtu akifumbate kitambaa kisha akiachie, utaona makunyanzi. Uliza uzito wake kwa mita ya mraba kama muuzaji anaujua. Na kama unanunua kingi, lipa nauli uletewe kipande. Yule wa Bamburi sasa ana bahasha nzima ya vipande vyangu, ameviandika namba. Akitaka kitu ananitumia namba tu.

Kuna kugusa kwingine ambako hakuna ndoo ya maji wala kipande cha mfano, nako ni kugusa watu. Hapa lazima niseme wazi.

Neno "kutomasa" lina pande mbili, na kila mwanamke aliyewahi kubanwa kwenye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni anaujua upande wa pili. Msongamano si ruhusa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inalihesabu kuwa kosa tendo la makusudi la kumgusa mtu mahali pa siri, matiti au makalio, na haisemi popote kwamba chombo kikijaa mambo hubadilika. Paza sauti. Nilinyamaza nilipokuwa na miaka kumi na saba, na najuta. Nilipopaza sauti nikiwa na thelathini, mama watatu wasionijua walinizunguka kabla sijamaliza sentensi.

Upande mwingine ni wa mapenzi, na huo nao una adabu zake. Tumbo la mjamzito si embe. Shavu la mtoto wa watu lisifinywe, hata kama limejaa vipi. Muulize mamake, na kama mtoto amefikia kusema, muulize yeye. Mwanamume akikutana na mwanamke wa hapa, au mwanamke na mwanamume, asitangulize mkono. Wengi wetu hatupeani mikono na asiye mahram. Weka kiganja kifuani, toa salamu yako, ukinyooshewa mkono pokea. Hakuna aliyewahi kudharaulika kwa kungoja.

Lakini usije ukadhani nahimiza watu waishi mbalimbali kama nguzo za stima. Salamu yetu yenyewe, shikamoo, asili yake ni "nashika miguu yako": tumeacha kuinama, lakini mguso umebaki ndani ya neno. Katika ile miezi ya korona mamangu hakulalamikia barakoa wala kufungiwa. Alilalamika kwamba wajukuu walikuwa wanamsalimu wakiwa mlangoni bila kumbusu mkono. Alikuwa akiutazama huo mkono kama chombo kilichokosa kazi. Yeye huyo alipokwenda Umra alirudi na huzuni moja tu, kwamba hakulifikia Jiwe Jeusi kwa wingi wa watu. Aliliashiria kwa mkono kutoka mbali kama wanavyofanya wengi, na tawafu yake haikupungua kitu kwa hilo, anajua. Hata hivyo akilisimulia hutazama kiganja chake.

Kwa wenye watoto wadogo wasiotaka kulala nina jambo moja, na hili nililijaribu kwa binti yangu kabla sijalisoma popote. Punguza mwendo. Tunawapigapiga watoto mgongoni kwa haraka kwa sababu sisi wenyewe tuna haraka, vyombo vinangoja. Papasa mgongo au mkono wa mtoto polepole sana, kama unayenyoosha hariri usitake kuivuta. Watafiti wa Sweden walieleza mwaka 2009 kwamba katika ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za fahamu zinazoitika vizuri zaidi mguso ukitembea kwa mwendo wa kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na mwendo huo ndio watu waliosema unapendeza. Ni polepole kuliko unavyodhani. Pima kwa rula siku moja, utashangaa ulivyokuwa ukikimbia. Mzee naye aliye kitandani ana ngozi hiyo hiyo, na kwa kawaida anaguswa na anayemgeuza, anayemwosha na anayempima presha, basi.

Ijumaa iliyopita Ami alikuja kama desturi yake. Nilikuwa nimepokea mzigo mpya wa kitambaa cha kanzu, nimekipata kwa bei nzuri, nimefurahi nacho, na kusema kweli nilikuwa na haraka nilipokinunua, nilikipapasa tu. Nikamwekea jora mbele yake bila kusema neno. Akalishika ncha. Akasugua. Akafumbata, akaachia, akafumbata tena. Akakipeleka shingoni, akakaa nacho kimya, mpaka nikasikia mtu akiita "kahawaaa" mara mbili huko nje.

"Umenunua majora mangapi, mwanangu?"

"Manne, Ami."

Akalirudisha jora polepole kwenye kaunta, akajipangusa vidole kwenye kanzu yake.

"Basi yauze kabla ya mvua."